Faini ya Mtoto Aliyerudishwa Nyumbani

— Shilingi hamsini! Silvano, hebu itaje tena hiyo hesabu mbele ya watu, maana jana ulinitajia tukiwa wawili nikadhani unanitania.

— Hamsini, Sefania. Wala si mimi ninayesema, ni sheria ndogo ya kijiji. Mtoto mwenye umri wa shule asipokwenda shule, mzazi wake atoe hamsini. Mwisho Jumatatu.

— Mwanangu kafukuzwa shule!

— Sheria haikuuliza sababu. Imeuliza anakwenda au haendi.

— Haendi kwa kuwa amefukuzwa na shule hiyohiyo inayotaka aende!

— Basi si ndiyo haendi? Tumekubaliana. Salimu, nitilie kahawa.

Hapo ndipo watu wa kijiwe waliposogeleana. Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja wa mti wa mkulo uliolazwa juu ya mawe mawili, mgongo umeegemea ukuta wa duka la kijiji, pale barabara ya kutoka Lushoto inapogawanyika, mkono mmoja ukipanda msituni Magamba na mwingine ukiteremka kwenye mashamba ya kabeji. Ulikuwa mwaka ule Chama kilipobadili jina. Duka lilikuwa halina sukari, halina mafuta ya taa, halina sabuni; lilikuwa na mwenye duka tu, naye alikuwa kalala. Kwa hiyo kahawa ilinywewa chungu kama ilivyoumbwa, na aliyeitia vikombeni ni Salimu Kashata, mtu wa Tanga aliyepanda mlimani kujaribu biashara mwezi mmoja, akasahau kushuka. Silvano alikuwa katibu wa kijiji, na kwa kuwa hawezi kuomba hata kiberiti bila kulitaja Azimio la Arusha, watu wakamwita Azimio. Na huyu anayepiga kelele, Sefania, ni mpasua mbao. Mwenzake husimama juu ya gogo, yeye husimama shimoni, anauvuta msumeno chini na kula unga wa mbao. Kijiweni walimwita Moto wa Mabua, kwa jinsi anavyowaka upesi. Waliompa jina hilo walisahau kwamba mabua ya Sefania hayazimiki upesi.

— Hamsini ni mbuzi, — alisema Sefania. — Mbuzi mzima na kamba yake. Mnataka mbuzi wangu aende akasome badala ya Yudith?

— Mbuzi angekaa kitako, — alisema Samsoni.

Watu wakacheka. Samsoni zamani alifua bendeji hospitali ya misheni, na kule kuzifua tu kulimtosha kuwa daktari. Jina lake likawa Bendeji, na ushauri wake ulikuwa wa bure, nao ulifanana na bei yake.

— Tusiruke ugonjwa tukakimbilia faini, — aliendelea Bendeji. — Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Bendeji, huku mlimani umemwona wapi samaki mbichi? — aliuliza Salimu. — Wote wanapanda na basi la Mombo wakiwa wakavu kama kuni.

— Ndiyo maana nasema huyu mtoto amechelewa kukunjwa! Haya, baba Yudith, mweleze daktari dalili.

Sefania hakutaka kumweleza Bendeji kitu. Lakini tangu Yudith arudishwe nyumbani alikuwa hajapata mtu wa kumweleza, na maneno yakikaa sana tumboni hutafuta hata tundu la panya.

— Hatulii, — alisema. — Yaani si kwamba hatulii kabisa. Jambo analolipenda atakaa nalo mpaka giza liingie, umwite chakula hasikii. Jambo asilolipenda, hujamaliza kulitaja yuko mlangoni anatazama ukungu unavyopanda. Hapendi kubanwa na watu. Darasani wamepangwa watano dawati moja, basi yeye anajikunja kama ameketi juu ya siafu. Hakutazami usoni ukisema naye. Akili anayo, lakini ukimbana inakimbia.

— Na shikamoo, — alisema sauti ya mwisho wa ubao. — Usiifiche shikamoo, mgoshi. Shikamoo ndiyo kesi.

Aliyesema ni Kristofa, mwenye redio peke yake katika mtaa ule. Betri zilikuwa zimekufa tangu masika, lakini hilo halikumzuia kuleta habari kila jioni. Jina lake kijiweni: Redio.

— Mimi mwenyewe yamenikuta, — alisema Redio. — Nimekutana naye njiani, nikasimama, nikamngoja. Kimya. Nikamwambia, Yudith, leo huniamkii? Akatazama viatu vyangu, akasema, “Nilikupa jana. Imekwisha?”

Salimu alicheka mpaka akaliweka chini dele la kahawa.

— Ukamjibu nini?

— Ningejibu nini? Nilijikuta napapasa mifuko!

Hata Sefania alitaka kucheka, akajizuia. Jambo lile nyumbani walilicheka sana, yeye na mkewe, wakiwa wamefunga mlango. Lakini kichekesho cha ndani kikitoka nje huwa ushahidi.

— Daktari amesikia, — alisema Bendeji, akijifunga koti lake la mitumba kifuani. — Ugonjwa ni mapeasi.

— Mapeasi?

— Haya mapeasi tunayokula. Nani aliyaleta? Wajerumani. Mjerumani ni mtu wa kutulia? Kaja hapa, kajenga Lushoto, kachimba barabara, kapanda miti, kapigana vita, kaondoka. Hakukaa kitako hata siku moja! Sasa mtoto anakula tunda lake kutwa, unategemea nini? Mchumia juani hulia kivulini.

— Hulia au hulia? — aliuliza Salimu.

— Vyovyote! Mtoto amekula, na wewe sasa unalia.

— Wote hapa tumekula mapeasi, — alisema Sefania.

— Na wote hapa tumetulia? Tangu tukae nimehesabu, Redio amesimama mara tatu.

— Mimi nina mkojo, — alisema Redio. — Hayo yako ya mapeasi ni madogo, Bendeji. Acheni niwape jambo la dunia. Sefania, mwanao kazaliwa mwaka gani?

— Sitini na tisa.

Redio akapiga kofi pajani, akawatazama wenzake mmoja mmoja kama mtu aliyemkamata mwizi na mali mkononi.

— Mmesikia? Sitini na tisa! Na Wamarekani walikwenda mwezini mwaka gani?

Redio akanyoosha kidole juu.

— Walikwenda, wakachimba, wakapakia mawe, wakarudi nayo kwao. Nilisikia kwa masikio yangu. Sasa mwezi ukichimbwa si unapungua uzito? Mwezi ndio unaozivuta bahari, muulizeni Salimu mtu wa pwani. Kama unaivuta bahari nzima, kichwa cha mtoto mchanga ni nini? Watoto wa sitini na tisa wamezaliwa mwezi ukiyumba! Wala si Yudith peke yake, wako dunia nzima, wamesimama madirishani.

— Mwanangu wa pili kazaliwa sitini na tisa, — alisema Bendeji. — Analala kama gogo.

— Yeye alizaliwa mchana.

Sefania alikizungusha kikombe mkononi. Alikuja pale na jambo moja tu: Silvano aifute ile faini, na kama ana ubinadamu, amsaidie kwa mwalimu mkuu mtoto arudi darasani. Sasa wako mwezini. Lakini kijiwe kina desturi yake, anayeingilia mtu katikati ya nadharia huonekana mchawi.

— Ninyi wote mnapapasa ngozi, — alisema Silvano Azimio, na kabla ya kuendelea akairekebisha beji ya TANU kwenye ukosi. Ya chama kipya ilikuwa haijapanda mlimani. — Tatizo ni la kisiasa.

— Yarabi, — alisema Salimu.

— Nisikilizeni. Mtoto hataki kukaa na wenzake dawati moja. Hataki kuamkia. Anataka nafasi yake peke yake. Hiyo inaitwaje? Ubinafsi! Imetoka wapi? Sefania, baba yako marehemu alichunga ng'ombe wapi?

— Kwai.

— Kwai kwa nani?

— Kwa mzungu, kulikuwa na mwingine?

— Na maziwa alikunywa?

— Mchunga ng'ombe asinywe maziwa?

— Basi! Maziwa ya kibepari. Babu kanywa, baba karithi, mjukuu amepasuka nayo. Kasumba hiyo haitoki kwa siku moja, ndugu zangu. Ndiyo maana Azimio linasema...

— Azimio linasema mtoto wa miaka minane ni bepari? — Sefania alisimama. — Ubepari wake uko wapi? Ukiacha sare, ana gauni moja! Likifuliwa hatoki!

— Moto huo, moto huo, — alinong'ona Bendeji.

— Kaa, mgoshi, — alisema Salimu. — Kaa, nikutilie nyingine. Mimi si daktari wala si katibu, lakini nina dawa. Mpeni mtoto kahawa.

— Kahawa? Si ndiyo atapaa?

— Mimi nikikosa kahawa nahangaika, nazunguka nyumba, napoteza ufunguo ulio mkononi. Nikinywa, natulia, nahesabu chenji. Labda na yeye ni hivyo.

Kijiwe kizima kikamcheka Salimu kwa kusema upuuzi. Watu waliokubali habari ya mwezi kuyumba waliona kahawa imevuka mpaka.

Walikuwa bado wanacheka Mwalimu Darweshi alipotokea kwenye ukungu, mwavuli chini ya kwapa na kofia yake ya kiua. Ndiye mwalimu mkuu, mtu mzima wa Tanga, mpole wa sauti, aliyehamishiwa mlimani mwaka uliopita na tangu hapo hajavua sweta. Wote wakasimama.

— Shikamoo, Mwalimu.

— Marahaba, marahaba. Kaeni. Mnacheka nini?

Watu wakaketi. Sefania naye alikuwa ameitoa shikamoo yake. Kwao heshima haingoji upendo.

— Tunaongea habari za Yudith, — alisema Salimu, maana yeye hana mtoto shuleni na haogopi mtu.

— Ah. Yule binti. — Mwalimu alikaa, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakipuliza. — Baba Yudith, nimesikia unasema nimemfukuza. Mimi sikumfukuza. Nimempumzisha.

— Apumzike mpaka lini, Mwalimu?

— Mpaka atulie.

— Na akishatulia nitajuaje? Anatulia akiwa shuleni ama nyumbani? Nyumbani ametulia. Ametulia kiasi kwamba mbwa anadhani tumehama.

— Sefania, nina watoto tisini darasa la pili. Tisini. Nikigeuka ubaoni, tisini wananitazama mgongo. Mmoja akiinuka kwenda mlangoni, hao wengine wanaona mlango ni somo. Hilo ningelivumilia. Lakini siku ya mkaguzi...

Mwalimu akanywa kahawa.

— Siku ya mkaguzi kulitokea nini? — aliuliza Redio, amelivuta sikio kama antena.

— Mkaguzi alikaa nyuma. Nimefundisha kugawanya kwa mafungu, somo zuri tu. Nikauliza kama desturi, “Watoto, mmeelewa?” Wote wakaitika, “Ndiyooo, Mwalimu!” Paa likatikisika. Akasimama yeye peke yake. Akasema, “Hawajaelewa. Wamezoea kusema ndiyo.”

Hapakuwa na aliyethubutu kucheka. Bendeji aliinama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa makubazi.

— Mkaguzi akafanyaje?

— Aliwauliza mmoja mmoja.

— Ikawaje?

— Salimu, — alisema Mwalimu, — kahawa ya leo ni nzito.

Sefania hakuwa ameijua habari hiyo. Yudith hasimulii mambo. Yeye akirudi nyumbani husema alichokiona njiani, mara nyingi konokono. Moyo wa Sefania ulipanda kwa fahari na kushuka kwa hofu kwa pumzi moja, maana alimjua mwanawe: hakusema vile ili kumwaibisha mtu. Aliulizwa, akajibu. Alikuwa hajui bado kwamba yapo maswali ambayo watu huyauliza wakiwa wamekwisha kulileta jibu.

— Mwalimu, — alisema, akijitahidi sauti isipande, — kwa lile la mkaguzi naomba radhi mimi baba yake. Yeye hawezi kuomba, hajui kosa. Lakini nimekaa naye, nimemsoma. Nakuletea mfano wa shimoni kwangu. Likizo nilikwenda naye kazini. Siku ya kwanza alinitoroka mpaka msituni kwa nyani. Siku ya pili nikampa ile kamba ya kupigia mstari kwenye gogo, aishike tu. Akaisokota mkononi, akaisokota, na masikio yakafunguka. Nilimfundisha kuhesabu futi za mbao hukohuko chini, unga unatumwagikia, na mpaka leo hajasahau. Kwa hiyo sikuombi makubwa. Kwanza, akae mwisho wa dawati, lile la mlangoni, asibanwe pande mbili. Pili, ashike kamba yake. Ya mgomba tu, haina kelele. Tatu, asilazimishwe kuamkia mbele ya gwaride watu wote wanamtazama. Amwamkie mwalimu wake pembeni, wakiwa wawili. Akiwa na mtu mmoja anaamkia. Mara moja kwa siku, lakini anaamkia.

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa imechoka.

— Nikimpa yeye kamba, tisini watataka kamba.

— Wape! Migomba imekwisha Usambara?

— Hapana, hapana, hapana! — Silvano alipunga mkono. — Hapo sasa lazima niingie. Mtoto mmoja apewe kiti chake, kamba yake, shikamoo yake ya pembeni? Hilo ni tabaka! Tumefuta mabwana na machifu tuweke bwana mdogo wa kike darasa la pili? Nchi hii ni ya usawa. Kila mtoto kiti kilekile, zamu ileile. Mgala muue na haki umpe.

— Unataka nimuue nani sasa? — aliuliza Sefania.

— Ni methali!

— Haya. Usawa. — Sefania aliketi, na kukaa kwake kule kuliwatia watu hofu kuliko alivyosimama. — Azimio, tuongee maji.

— Maji yanahusu nini?

— Mfereji wetu unatoka wapi?

— Msituni juu, kila mtu anajua.

— Shamba la kwanza kwenye mfereji ni la nani?

— Lako.

— Mimi napewa maji muda gani zamu yangu ikifika?

— Asubuhi moja.

— Na shamba la mwisho kabisa, kule kwenye mteremko wa mawe, linapewa muda gani?

Silvano akaigusa beji yake. Salimu akajibu kwa niaba yake, huku akifuta kikombe kisichokuwa na uchafu.

— Siku kutwa.

— Na ni la nani?

— La Katibu.

— La Katibu! — alisema Sefania. — Mimi asubuhi moja, yeye siku kutwa. Desturi ya mababu. Kwa nini? Kwa sababu maji yakiteremka yanaliwa na nyufa, yanaliwa na mashimo ya fuko, mpaka yakufikie wewe yamekuwa mate. Angepewa kila mtu asubuhi moja, kabeji zako zingekuwa za kuwashia moto. Nimewahi kusimama mkutanoni nikasema Silvano ni tabaka? Nimewahi kukuita bwana wa mfereji?

— Hayo ni maji, — alisema Silvano, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta kofia yake gizani.

— Na mwanangu yuko mwisho wa mfereji. Mwalimu anafungulia pale ubaoni, yanatoka mengi na mazuri, sikatai. Yanapita kwenye watoto tisini wanaokohoa na kusukumana. Yakimfikia Yudith ni matone mawili. Mwongezeeni zamu, basi! Nani anaibiwa?

Upepo wa Magamba ukapita. Bendeji alitikisa kichwa taratibu. Kisha Redio akauliza, kwa huzuni ya kweli:

— Kwa hiyo mwezi hauhusiki?

— Kristofa, nyamaza, — alisema Mwalimu.

Silvano alikiinua kikombe, akanywa, akakuta kilikwisha zamani. Alikuwa mtu wa vyeo lakini si mtu mbaya, na hakuna mtu asiyependa kabeji zake mwenyewe.

— Basi mimi sipingi, — alisema. — Katika hilo la kiti, sipingi. Mwenye shule ni Mwalimu.

— Nami sipingi, — alisema Mwalimu Darweshi. — Mradi kamati ya shule ipitishe, nisije nikaulizwa. Katibu ndiye anayeita kamati.

— Naita. Ila kamati haiwezi kujadili mtoto mtoro. Kwanza utoro uishe, yaani faini ilipwe.

— Faini si ya utoro? — aliuliza Mwalimu. — Utoro utaisha akirudi shule.

— Ndiyo, arudi.

— Hawezi kurudi kabla ya kamati.

— Na kamati haikai kabla ya faini.

— Na faini haifutwi kabla hajarudi?

— Sheria ndiyo inavyosema.

— Basi tunaelewana, — alisema Mwalimu, na wote wawili wakatulia, wameridhika kabisa, kama watu waliofunga mzigo vizuri na kuuacha njiani.

Sefania aliwatazama, huyu, kisha yule. Akafungua mdomo. Bendeji, aliyemjua, alisogeza kikombe chake mbali.

Ndipo Jenoveva akafika. Alikuwa anatoka gulioni, tenga tupu kichwani, kanga mabegani, na Yudith nyuma yake kwa hatua chache, hayuko karibu wala hajapotea. Mke wa Sefania hakuwa mtu wa kusimama kijiweni. Mwanamke akisimama pale ujue nyumba inaungua. Alilitua tenga, akapiga goti kidogo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama Yudith.

Wote wakamtazama mtoto. Wakangoja. Mwalimu alingoja kwa upole, Silvano kwa sheria, Redio akiwa ameshika mifuko yake. Yudith alikuwa anatazama mvuke unaotoka kwenye mdomo wa dele, jinsi unavyokwenda na kuungana na ukungu mpaka huujui tena upi ni wa Salimu na upi ni wa mlima. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Hakuna shikamoo iliyotoka. Sefania aliona jinsi kila uso ulivyofunguka na kujifunga, akataka kusimama katikati ya mwanawe na nyuso zile, akabaki ubaoni.

Jenoveva naye aliona.

— Mwalimu, — alisema. — Na wewe Katibu. Nina swali moja, kisha nikapike. Sare yake nimeifua, iko kwenye kamba. Kesho alfajiri nimwamshe mtoto aende shule, au nimwache alale?

Mwalimu Darweshi alimtazama Katibu. Katibu alimtazama Mwalimu. Akiamshwa, atarudishwa getini. Akiachwa alale, ni hamsini. Bendeji alikohoa, na kikohozi hakikuleta ushauri wowote. Redio alitazama juu, lakini mbingu ilikuwa imefungwa.

— Ni kuamsha au kulaza tu, — alisema Jenoveva. — Siwaulizi kingine.

— Mama Yudith, jambo hili lina hatua zake, — alianza Silvano.

— Kesho haina hatua. Kesho inakucha.

Silvano alinyoosha kikombe kwa Salimu, kama mtu anayenyoosha mkono avutwe kwenye matope. Salimu aliliinamisha dele. Likatoa machicha, tena kidogo.

— Imekwisha, — alisema Salimu. Wala hakusema ataongeza.

Watu walimgeukia Sefania, wakajikaza wakingoja kelele. Hakupiga kelele. Aliinuka, akajikung'uta unga wa mbao magotini, akasimama mbele ya wale wawili, karibu kuliko inavyoruhusiwa.

— Mlipita hapa na gari la kipaza sauti, — alisema. — Mlisema kila mtoto aandikishwe shule. Nilikuwa shimoni, nikauacha msumeno nikatoka kusikiliza. Mlisema kila mtoto, mkarudia mara nyingi mpaka ng'ombe wakakimbia. Sikusikia mtu akisema isipokuwa anayetazama ukungu. Sikusikia isipokuwa asiyeamkia. Nilikwenda mwenyewe siku ileile nikamwandikisha.

— Sefania, tusikilizane, — alisema Mwalimu.

— Tumesikilizana tangu mchana. Faini sitoi. Mama Yudith, kesho mwamshe. Saa moja na nusu nitakuwa naye mlangoni pa darasa la pili, na kamba yake mkononi. Mwalimu, lile dawati la mlangoni, nafasi ya mwisho, iwe wazi. Ni ya kwake. Nipeni.